Mtoto wa Dede na Vyombo vya Nyumbani: Kumbukumbu za Fundi Redio wa Lushoto

Mwezi wa saba, baridi ya Lushoto ikiwa imeshika, mjukuu wangu alitumbukiza simu ya mama yake kwenye sufuria ya uji. Hakuwa na ubaya. Ana miaka 2 na miezi 4, na alikuwa amemwona bibi yake akikoroga kwa mwiko; mwiko ukawa mbali, simu ikawa karibu. Binti yangu akaniletea simu ile imefungwa kwenye kanga kama majeruhi. "Baba, nakuomba, kundi zima la walimu liko humo." Nikaizima, nikafungua mgongo, nikaosha bodi kwa spiriti na mswaki laini. Watu siku hizi huzika simu iliyolowa ndani ya mchele. Mchele kazi yake ni pilau. Kesho yake simu ikaamka, isipokuwa spika, ambayo hadi leo inaongea kama mtu mwenye mafua.

Mimi ni fundi redio. Meza yangu iko jirani na soko la Lushoto tangu 1976. Redio, deki, televisheni, simu: kila chombo kilichopanda barabara ya Mombo kuja milimani kimepita mezani kwangu, mapema au baadaye. Na nikihesabu vilivyoharibika, radi za masika na umeme wa kukatikakatika havimfikii mshindani mmoja. Huyo ni mtoto wa dede, yule aliyekwisha kuachia ukuta akasimama mwenyewe lakini neno "acha" bado hajalipokea.

Kwa hiyo nina historia ya wilaya hii ambayo sijaikuta kitabuni. Vitabuni wamo watawala wetu wa zamani, Wakilindi, na mji wao wa Vuga. Yumo Krapf, mmisionari aliyepanda kwa mtawala wao Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848. Wamo Wajerumani walioufanya mji huu makao ya utawala wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Historia yangu mimi ni ya chini zaidi, kimo cha goti: vyombo vilivyoingia nyumbani, na mtoto aliyekuwa pale chini akivitazama.

Chombo cha kwanza hakina waya. Ni mbeleko. Bibi yangu alisema yeye alibebwa kwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta. Baadaye ikaja merikani, ile nguo nyeupe ngumu iliyovuka bahari kutoka Marekani, ikaja kaniki nyeusi, mwisho ikaja kanga. Nguo zilibadilika, fundo likabaki lile lile: juu ya kifua, linalolegezwa kwa vidole viwili mtoto akitaka kunyonya. Huku kwetu kwenye baridi mbeleko ilikuwa blanketi pia. Na thamani yake haikusahaulika, kwa kuwa hata leo, katika ndoa nyingi za pwani na za mkoa wetu wa Tanga, mama wa binti hupewa kitu chake mbali na mahari, na kitu hicho kinaitwa mbeleko. Sijasikia ndoa ambayo mama mkwe analipwa kwa ajili ya simu aliyompa mwanawe anyamaze.

Nilizaliwa mwaka 1954 katika bonde la Mlalo. Wakati huo Waingereza walikuwa na mpango wao wa kuhifadhi udongo wa Usambara, ulioanzia hapo hapo Mlalo mwaka 1946. Kila mwenye shamba alitakiwa kupiga matuta kukinga mmomonyoko, na asiyepiga alitozwa faini. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli, hilo hatukatai. Lakini jembe liliwaangukia wanawake, maana baadhi ya wanaume walikuwa wameteremka kwenye mashamba ya mkonge, na watu walihofu kwamba ardhi inayopimwa leo kesho itachukuliwa. Wakaupinga mpango ule hadi ukafa, miaka michache kabla ya Uhuru.

Mama alipiga matuta hayo nikiwa mgongoni. Alinisimulia kwamba siku ya ukaguzi bwana shamba alikuja na fimbo ya kupimia, mimi nikaililia, yeye ili apate utulivu wa kuandika akanipa. Nikaitafuna. Basi teknolojia ya kwanza ya serikali niliyoitia mkononi nikaiharibu, na ufundi wangu, nadhani, ulianzia pale.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Watu huitumia methali hiyo kwa mambo ya tabia, kwamba mtoto hufuata mwenendo wa mama. Mimi kama fundi naisoma kwa maana ya wazi kabisa. Mtoto aliye kwenye mbeleko anaona kisogo, na juu ya bega anaona mikono, na mbele ya mikono anaona kazi. Anaona jembe likipanda na kushuka, na tuta likitokea. Anaona mahindi yakiingia kinuni na kutoka yamepwaywa. Akishuka chini na kuanza dede, anapewa vyombo vile vile vikiwa vimezeeka: jembe lililoliwa na mawe hadi likabaki kama kijiko, ungo uliotoboka, mchi uliovunjika. Kwetu hakukuwa na duka la midoli. Chombo kilipostaafu kwa mkubwa ndipo kilipoanza kazi kwa mdogo, na bado kiliweza kufanya kitu kidogo cha kweli. Kwa jembe langu la kijiko nilichimba viazi vitamu nikiwa na miaka 4, na tulivila.

Redio ilipoingia, mambo hayo hayakubadilika sana. Tanganyika ilianza kutangaza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kijijini kwetu redio ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mwalimu wa shule, National ya mbao na plastiki. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na aliyekuwa na ruhusa ya kukiondoa kitambaa ni mwenye nyumba peke yake. Mwaka 1973 serikali ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana: malaria, kichocho, kuhara damu, choo cha shimo. Nilikuwa na miaka 19, nikapewa kazi ya kubeba redio ya kikundi chetu. Wanawake walikaa chini ya mti na watoto mapajani, wengine wakipukuchua mahindi, wengine wakisuka. Redio ilichukua masikio tu, ikawaachia mikono na macho. Mtoto aliendelea kuiona kazi, na juu ya hayo akapata sauti. Vyoo vilivyochimbwa baada ya vikao vile vingine vilikuwa vya hovyo, lakini vilichimbwa.

Hata watoto walikuwa na saa yao. RTD ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, hadithi akizisimulia Deborah Mwenda, na nakumbuka nyumba ambazo mtoto wa miaka 3 alitulizwa zaidi kwa ahadi ya sauti ya mama huyo kuliko kwa fimbo.

Nilijifunza ufundi Tanga mjini, kwa mzee mmoja aliyenifundisha kulehemu kabla hajaniruhusu kugusa bisibisi. Nilipopanda Lushoto na kufungua meza, nilidhani nitakutana na transista zilizoungua. Nikakutana na watoto. Wakati ule sarafu zetu zilikuwa na wanyama: senti 5 ina samaki, senti 20 ina mbuni, senti 50 ina sungura. Kuna redio moja, nadhani ilikuwa 1979, niliyoifungua nikatoa wanyama wote watatu, pamoja na tonge la ugali lililokauka nyuma ya spika. Baba mtu alikasirika. Mama yake mtoto ndiye aliyeeleza: mwanawe alimwonea huruma mtu anayeongea humo ndani tangu asubuhi bila kula, kwa hiyo alimlisha, na alipoona hanyamazi akampa hela akanunue mwenyewe.

Kisa hicho nimetembea nacho miaka mingi, kwa sababu mtoto yule alifikiri vizuri. Alichoona ni kazi, sauti inafanya kazi ya kusema, akatafuta mfanyakazi. Alikosea jambo moja tu, mahali alipo mfanyakazi.

Ikaja miaka ya shida baada ya vita vya Kagera. Betri zikawa adimu kama sukari. Watu walianika betri zilizokwisha juu ya bati ili jua liwarudishie nguvu kidogo za taarifa ya habari ya jioni, na nilikuwa nawaambia akina mama wazianike juu, si uani, kwa sababu mtoto wa dede akiona kitu kinachong'aa kimelazwa juani anajua ni cha kwake. Chumvi ya betri iliyovuja inaunguza ulimi. Vipuri havikuwapo, nilifungua redio tatu zilizokufa ili niamshe moja. Makasha matupu niliwapa watoto wa jirani. Walikaa nyuma yake wakasoma taarifa ya habari.

Kabla kidogo ya hapo jambo lingine lilikuwa limetokea ambalo si la waya wala betri, nalo lilibadilisha malezi kuliko redio zote nilizotengeneza. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote, na miaka michache baadaye kwenda shule kukawa lazima. Mimi naliunga mkono hadi leo. Bila hilo binti yangu asingekuwa mwalimu. Lakini milimani huku, mlezi wa mtoto alikuwa dada yake wa miaka 8 au 9. Mama anapiga jembe, dada amembeba mdogo wake pembeni ya shamba, akimlaza mtoto chini pale mama anapomhitaji yeye shambani. Dada alipokwenda shule, mtoto wa dede alibaki na nani? Na bibi, kama bibi yupo. Au shambani, amekalishwa kivulini na kipande cha muwa. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ulijitahidi kuanzisha vituo vya kulelea watoto mchana, na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo hivyo, ila kwa vijiji vingi vya mabonde ya ndani kituo kilibaki kuwa neno la kwenye mkutano.

Na wasichana waliomaliza darasa la saba bila nafasi ya sekondari, wengi walishuka Mombo na basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu. Milima yetu inajulikana kwa karoti, kabichi na viazi vinavyoshushwa Kariakoo. Imeshusha pia walezi, miaka na miaka. Wapo watoto wa Upanga na Mbezi, leo watu wazima wenye ofisi zao, waliosimamishwa dede na binti wa Mlalo au wa Mtae. Yeye wa kwake alimwacha kwa bibi.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi wa bara tukasubiri hadi 1994. Serikali ilikuwa na hofu na vyombo vya namna hiyo. Mwaka 1974 ilipiga marufuku hata kuingiza kompyuta nchini. Lushoto tulianza na deki. Vijana walifungua mabanda ya video, na waliojiweza walinunua ya nyumbani. Mdomo wa deki uko kimo cha uso wa mtoto wa dede, unafunguka ukisukumwa, na ndani ni giza. Nani angeweza kujizuia? Nimetoa humo andazi, ndala, kijiko, na siku moja kifaranga kilicho hai.

Televisheni yenyewe huku milimani ilikuwa ni vita na mawimbi. Nilipanda mikaratusi kufunga antena, chini yangu ukoo mzima ukipiga kelele, "Geuza! Rudisha! Hapo hapo!", na picha ikija na chenga kama mvua ya mawe. Ving'amuzi vilipoenea, baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine kufuata, nikashuka mtini. Umri nao ulikuwa umeniambia nishuke.

Televisheni ilikuwa chombo cha kwanza kuchukua macho ya mama. Akina mama waliosuka huku wakisikiliza redio hawakuweza kusuka huku wakitazama tamthilia, au walisuka vibaya. Lakini hata hapo kulikuwa na heri moja: nyumba nzima ilitazama kitu kimoja. Mtoto akiuliza "Nani yule?" kulikuwa na watu sita wa kumjibu. Na mwaka 2014 Watanzania wenzetu wa Ubongo walipoanza kurusha Ubongo Kids, kisha wakaongeza Akili and Me kwa wadogo zaidi, niliona kwa mara ya kwanza katuni ambazo mtoto wa huku anaelewa kila neno bila mtu kumfasiria. Akili ni msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Kilimanjaro. Mjukuu wangu anamsalimia.

Simu ilipanda milima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtandao haukufika kila mahali, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na jiwe lake au mti wake ambapo watu walisimama wameinua mikono kama wanaoomba dua. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na hapo simu ikawa jembe. Mama anayeuza karoti aliacha kungoja dereva wa lori amrudishie hela wiki ijayo. "Tuma na ya kutolea" ikaingia katika lugha ya kila siku. Kisha Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ukaendelea kuleta nguzo za umeme mabondeni; ada ya kuunganishiwa ikashushwa vijijini hadi shilingi 27,000, na watu waliokuwa wananilipa kuchaji simu wakaacha. Sikulalamika. Walirudi na vioo vilivyopasuka.

Nataka msomaji aelewe kwamba sisemi simu ni adui. Binti yangu ni mwalimu na ni mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kama ni pacha, inampa baba siku 3, na inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku ya kazi kumnyonyesha mtoto. Ni sheria nzuri. Ila shule yake iko mbali, njia ni ya bodaboda na ya utelezi, na saa mbili zinakwisha barabarani. Kwa hiyo siku 84 zilipokwisha mtoto alibaki na bibi yake asubuhi, na mimi nikimchukua mchana, na mama alimwona mwanawe akinywa maziwa ya chupa kupitia video ya simu. Bila simu asingeona hata hilo.

Baada ya sensa ya 2022 serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, na kazi ya shule ikaanza kuja nyumbani. Zamani andalio la somo lilikuwa daftari kubwa. Mtoto alichora humo, mwalimu akachapa mkono mmoja kidogo, yakaisha. Sasa mjukuu wangu anaona mama yake ameketi kitandani, mwanga usoni, kidole gumba kikipanda na kushuka. Wiki moja kabla ya shule kufungwa, mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kumwangalia, na simu ya mama yake ilikuwa inachaji karibu. Nusu saa baadaye kundi la walimu likapokea ujumbe wa sauti wenye taarifa mbili. Ya kwanza: "Babu lala." Ya pili ilikuwa mkoromo wangu. Mkuu wa shule alijibu kwa heshima, "Mwalimu, tumepokea." Tangu siku hiyo walimu wakikutana nami sokoni wananiuliza kama nimeamka.

Nilicheka kama wengine, kisha nikaanza kumtazama mtani wangu huyu kwa jicho la fundi. Bibi yake akipepeta maharage, yeye anachukua mfuniko wa sufuria, anatia maharage matatu, anapepeta. Nikilehemu, anachukua kijiti, anakigusisha kwenye bati na kusema "tsss". Anajua sisi tunafanya nini. Lakini mama yake akifanya kazi kwa simu, yeye anachukua kipande cha sabuni ya mche, anaketi kitandani, anainamisha kichwa na kupapasa ile sabuni kwa kidole gumba. Nikamuuliza, "Unafanya nini, mtani?" Akasema, "Kazi." Kazi gani? Akarudia, "Kazi."

Hakuwa na neno jingine, na sikuona atalipata wapi. Mama yake akiandaa somo, akipokea hela ya kikoba, akituma rambirambi, akitazama kichekesho, kisogo ni kile kile na kidole ni kile kile. Jembe lilionyesha tuta. Kinu kilionyesha unga. Redio ilificha mtu lakini ikatoa sauti yake kwa wote. Simu imechukua mikono, macho na masikio kwa pamoja, na kazi yenyewe imeifungia ndani. Nilijaribu ile desturi ya zamani, nikampa simu iliyokufa kama nilivyopewa jembe lililoliwa. Aliibonyeza mara tatu, akanirudishia. Jembe bovu linachimba kidogo. Simu iliyokufa haifanyi hata kidogo, na mtoto hadanganyiki.

Wakubwa wa afya duniani nao wamesema lao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka 1 asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika mkoani kwetu Tanga: watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi, wengi wao hawajawahi kuketi darasani, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wakachaji kwa sola, na baada ya miezi 15 wengi walikuwa wameanza kusoma. Timu mbili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Mambo haya mawili hayapingani. Wale wa vijijini walikuwa na umri wa shule, na kishikwambi kiliwekwa pale ambapo mwalimu hakuwepo. Mtoto wa dede mwalimu anaye, ameinama kitandani hapo hapo.

Nyumbani kwetu tumeanza jambo dogo, nalo halina gharama ya bando. Binti yangu akishika simu mbele ya mtoto, anataja kazi kwa sauti, kama mama yangu alivyokuwa akihesabu mashimo ya mahindi. "Naandika majina ya wanafunzi." "Namtumia shangazi hela ya dawa." "Sasa sifanyi kazi, nacheka tu." Hilo la mwisho linamtia haya, na nadhani limepunguza saa kuliko mwongozo wowote. Wiki iliyopita mtani wangu alichukua sabuni yake, akainama, akasema, "Atuma hela angazi." Ilikuwa mara ya kwanza sabuni ile kufanya kazi yenye jina.

Siku niliyorudi kwenye spika ya ile simu ya uji, nilimkalisha kwenye kigoda kando yangu. Nikafungua mgongo, nikamwonyesha betri, bodi, kamera ndogo kama jicho la mende. Alitazama muda mrefu kuliko anavyotazama katuni. Halafu akauliza, "Mtu wapi?" Nikakumbuka tonge la ugali na sungura wa senti 50. Nikapiga shuleni kwa simu yangu ya kitochi, nikaomba kuongea na mama yake, nikamwekea mtoto sikioni, nikamwambia mtu yuko kule juu, barabara ya Magamba, anafundisha. Akageuka akatazama barabara.

Kwa hiyo wateja wangu wa Lushoto, Soni na Mlalo, nina ombi. Mnapoleta simu iliyopasuliwa na mtoto, mnakuja nayo mmenuna na mtoto mmemwacha nyumbani. Njooni naye. Kigoda kipo, na kumwonyesha kilichomo ndani hakuongezi bei: kioo ni shilingi 45,000, aje au asije.